Waswasi wa udhu: jedwali la mawazo halijasaidia, ngazi ya mazoezi ipangweje?

Muuguzi_Kliniki
Wakuu wa afya ya akili, naomba mchango wenu. Mgonjwa ni kijana wa miaka 24. Udhu mmoja unamchukua dakika 40 hadi 50, bomba likiwa wazi muda wote. Akimaliza anahisi tone la mkojo limetoka, anarudi chooni, anaanza upya. Takbiri ya kuingilia swala anairudia hadi rakaa ya kwanza inampita. Alama zake za Y-BOCS, kipimo cha ukali wa OCD (ugonjwa wa mawazo yanayomsumbua mtu na vitendo anavyolazimika kuvirudia), ni 27 kati ya 40. Hasikii sauti, hana mawazo ya kujidhuru, na mwenyewe anakiri kwamba anazidisha. Mkojo umepimwa, hauna shida, sukari pia iko sawa.

Amefundishwa kuvuta pumzi taratibu na kujaza jedwali la kupima ushahidi wa mawazo yake. Jedwali analijaza vizuri sana, ila muda wa udhu uko palepale. Tatizo liko wapi? Na hofu ikiwa ya ibada, mazoezi yanapangwaje bila kumwambia mtu aswali na najisi?

Ngazi_kwa_Ngazi
Tatizo ni hilo jedwali lenyewe. Kwa mwenye sonona linafaa. Huyu ukimwambia apime ushahidi kama tone limetoka au halikutoka, umempa njia mpya ya kujihakikishia. Anashinda hoja saa saba mchana, saa kumi shaka imekata rufaa. Pumzi nazo ni hivyohivyo: akizitumia ili hofu iondoke, anabaki akiamini kwamba bila pumzi asingeistahimili.

Kwa OCD, sehemu ya CBT (tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia) inayofanya kazi kubwa ni kuikabili hofu huku kitendo cha kuituliza kimezuiwa. Ndiyo ile ERP, na chanzo chake ni kesi mbili alizochapisha Victor Meyer wa London mwaka 1966. Kuikabili bila kuzuia ni kazi bure.

Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Aandike kila udhu: dakika, kilichomshtua, alimuuliza nani, alirudia mara ngapi. Maji yapimwe kwa ndoo, maana wengi hawajui wanamwaga kiasi gani.

Kisha mjenge ngazi pamoja, kila kidato akipe alama ya hofu toka 0 hadi 100. Kwa huyu inaweza kuwa hivi:

35 – bomba limefungwa, kopo la lita mbili, kila kiungo mara tatu, basi
45 – kopo la lita moja na nusu
55 – lita moja, kila kiungo mara moja, ambayo ndiyo faradhi
60 – takbiri moja, akishatamka anaendelea hata kama "haikukaa sawa"
70 – kutoka chooni bila kuchungulia wala kushika nguo ya ndani
90 – kuwaswalisha wadogo zake kwa udhu wa mara mojamoja, shaka ikiwa bado ipo

Anzeni kwenye 35 hadi 45. Ukianzia 90 hatarudi, ukianzia 10 hatajifunza kitu. Kikao kiwe cha dakika 60 hadi 90, mara mbili kwa wiki ikiwezekana. Kabla ya zoezi aseme anatabiri nini ("nitashindwa kukaa, nitaosha tena ndani ya dakika tano"), afanye, kisha akae hapohapo bila kurudia, akitaja alama kila dakika tano. Nyumbani aanze na Adhuhuri peke yake. Alfajiri ni mbaya kuanzia kwa sababu ana haraka na usingizi. Siku tatu nne zikienda vizuri, ongeza Alasiri, na kuendelea. Msikawie wiki mbili kwenye kidato kimoja.

Akiteleza akaosha tena, asijilaumu na asisubiri kesho. Aguse tena kile kilichomshtua, kwa mfano kitasa cha mlango wa choo, aendelee na siku yake. Hivyo kule kuosha hakumpi nafuu aliyoitafuta.

Ustadh_Saikolojia
Naongezea upande wa dini, kwa sababu hapo ndipo wengi wetu tunapoharibu. Zoezi lisimtake mtu afanye la haramu. Kipimo ni Mwislamu wa kawaida wa mtaani kwake: anatawadha vipi, kwa muda gani? Mnamrudisha pale tu.

Kaeni na sheikh anayeaminiwa na familia, kikao kimoja, mgonjwa akiwepo. Masharti yaandikwe ukurasa mmoja: yakini haiondolewi kwa shaka, shaka ikija baada ya udhu kwisha, haina kazi, nia mahali pake ni moyoni. Hadithi ya Anas inasema Mtume alitawadha kwa mudi moja, ambayo wengi huikadiria kati ya nusu lita na robo tatu ya lita. Kwa hiyo kopo la lita moja lina ziada.

Baada ya hapo mlango wa maswali ufungwe. Mwenye waswasi akiachiwa namba ya sheikh, atapiga kila baada ya swala, na fatwa ya tano haitamtosha kuliko ya kwanza. Hata ile kanuni ya yakini, akiisoma moyoni mara ishirini ili atulie, imeshakuwa sehemu ya ugonjwa. Hayo hufanyika kimya na hayaonekani, kwa hiyo muulize waziwazi: "Ulipokuwa umekaa kimya pale, ulikuwa unasema nini moyoni?"

Kunyunyiza maji kwenye nguo baada ya kustanji kumepokewa, lakini ndani ya zoezi nisingeitumia njia hiyo. Atajiambia "huo unyevu ni maji tu" na hofu haitakuwa imeguswa.

Ngazi_kwa_Ngazi
Hapo kwenye kunyunyiza tunakubaliana. Nyongeza moja: msisubiri alama ishuke hadi sifuri ndipo kikao kiishe. Wengine alama haishuki siku hiyo, na bado wamejifunza kwamba wameweza kukaa na shaka dakika 60 wasioshe. Linganisheni na utabiri wake wa mwanzo. Ila usimwachie pale hofu ilipopanda kileleni.

Mfamasia_Zamu
Kwa alama 27 dawa nayo ingefaa kuzungumzwa na daktari. Fluoxetine, dawa ya sonona inayotumika pia kwa OCD, mara nyingi huhitaji kufika mg 40 hadi 60 kwa siku, ikianzia 20, na matokeo husubiriwa wiki 10 hadi 12. Wengi huiacha wiki ya nne wakidhani imeshindwa. Kwa umri wake, wiki za mwanzo afuatiliwe kwa karibu kama anahangaika kupita kawaida au mawazo ya kujidhuru yamejitokeza. Amitriptyline, dawa nyingine ya sonona, si mbadala. Katika kundi lake inayosaidia OCD ni clomipramine, na hiyo haichanganywi ovyo na fluoxetine. Diazepam ya kutuliza hofu kabla ya zoezi, hapana, kwa sababu ileile ya pumzi.

Muuguzi_Kliniki
Shukran sana. Mama yake anayesimama mlangoni kumwambia "umeshatawadha, toka", aache leoleo?

Ngazi_kwa_Ngazi
Asiache ghafla bila kijana kujua, ataona ametupwa. Kaeni watatu, mkubaliane sentensi moja ambayo kijana mwenyewe ataichagua, mfano: "Mwanangu, hilo swali ni la waswasi, silijibu, ila niko hapa." Ataisema mara moja, kwa upole, kisha aondoke mlangoni akaendelee na shughuli zake. Waanze na swala ileile ya Adhuhuri. Siku kumi za mwanzo kijana atauliza zaidi, hata kufoka, na mama wengi hukubali kujibu hapo. Mwambie mapema kwamba hilo linakuja. Na wewe pia jichunge: akikuuliza kikaoni "kwani hii ni salama, sista?", jibu lako liwe lilelile la mama.