Kiwanja cha pwani kimejaa chumvi, nipande miti gani?

mwana_pangani: Habari wakuu, nina kiwanja huku Pangani karibu kabisa na bahari, kiangazi udongo unatoa unga mweupe juu, maji ya kisima nayo yana chumvi, miembe aliyoacha mwenye kiwanja wa mwanzo inaungua majani kuanzia nchani. Nataka kivuli na mahali papendeze. Fundi ananiambia nimwage malori ya udongo mwekundu, nisaidieni.

bustani_mwambao: Ndugu achana na malori. Chumvi inapandishwa na jua, maji ya chini yanavutwa juu yanakauka chumvi inabaki, huo udongo mwekundu nao utajaa chumvi vilevile. Hela hiyo nunua makumbi ya nazi ufunike ardhi yote, panda juu ya matuta masika yakianza ili mvua iisukume chumvi chini. Na maji ya kisima usinyunyize kidogo kidogo kila siku, mwaga mengi kwa mpigo halafu acha.

Mti ni mvinje, ule mrefu wenye majani kama sindano. Ukifika Mombasa nenda Haller Park pale Bamburi, lilikuwa shimo la kuchimba mawe ya saruji, mwamba mtupu na chini yake maji ya chumvichumvi, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza 1971 akajaribu aina 26 za miti zikapona 3 tu, mvinje, mnazi na mti mmoja wa asili ya Somalia. Majani ya mvinje yakawa hayaozi, wakaleta majongoo wakayala ikawa mbolea, leo ni msitu kabisa!

mzee_wa_bamvua: Mvinje sawa, ila mnasahau upande wa chini. Subiri bamvua, yale maji makubwa ya bahari, uone yanaishia wapi uweke vijiti. Kutoka vijiti kushuka baharini mvinje hautasimama, hapo ni mikoko, na sio mkoko wowote, ule wenye mizizi iliyojipinda nje kama miguu unataka maji ya kupwa na kujaa kila siku, yanapofika bamvua tu weka mchu na mkandaa. Mchu ukilamba jani utasikia chumvi, unaitoa nje. Inaniuma watu wanavyochomeka mikoko pasipofika maji, inakufa wanalaumu mbegu. Kama kuna tuta la zamani limezuia maji lifungue kwanza, mara nyingi inajiotea yenyewe. Na iliyopo usiguse, inalindwa kisheria.

bi_maua: Kupendeza panda miti ya mikungu na mitondoo nyuma ya mivinje ikishakinga upepo, mtondoo una kivuli kizito na majani yanang'aa mwaka mzima. Mchangani acha ile mitambaazi ya maua ya zambarau, inashika mchanga vizuri mno, watu wanaifyeka bure.

mwana_pangani: Asanteni sana jamani. Mivinje niache umbali gani?

bustani_mwambao: Mita 2 hadi 3, mistari miwili ipishane. Baadaye ukipunguza unapata boriti, Gazi kule Kwale walipanda mivinje hivyohivyo watu wapate miti ya kujengea wasikate mikoko.