Naomba ushauri: kupiga msasa meza ya mvule nyumbani kwa mashine ya mkononi

Mkazi wa Milimani, Kisumu:
Habari zenu nyote. Shemeji yangu ameniazima mashine ya mkononi ya kupiga msasa, ile yenye kitako cha mviringo ambacho huzunguka huku kikitikisika. Nataka kuitumia kuondoa vanishi iliyochakaa kwenye meza ya mvule ambayo mzee alituachia, kisha, mkono ukishazoea, niendelee na mlango wa mbele, ambao umepakwa rangi juu ya rangi tangu nyumba ilipojengwa katika miaka ya sabini. Mpaka sasa nimetumia msasa wa karatasi tu. Hofu yangu ni vidole na stima, kwa kuwa soketi iko sebuleni nami nitafanyia kazi uani, mahali ambapo watoto hucheza, na mmoja wao ana pumu. Naomba anayeijua kazi hii anieleze nijihadhari na nini.

Seremala wa Kibuye:
Ndugu, kuhusu vidole usiwe na wasiwasi mwingi, maana mashine hiyo haina meno. Ukiigusa ikizunguka itakuchubua ngozi, lakini haitakukata kama msumeno. Kinachotudhuru sisi wa kazi hii ni vumbi, na wewe umeanza na mbao ambayo vumbi lake ni kali. Anayeushughulikia mvule mkavu huijua dalili yake: pua huwasha, macho hutoa machozi, na wengine hutokwa na vipele shingoni na kwenye viwiko kabla jua halijatua. Madhara ya muda mrefu ni makubwa zaidi, kwa kuwa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua.

Barakoa ya kitambaa, au ile ya buluu ya hospitali, haishiki uso, na vumbi laini hupita pembeni yake bila kizuizi. Tafuta iliyoandikwa N95 au FFP2, yenye mikanda miwili inayozunguka kichwa, uubane ule ukanda wa chuma mpaka ufuate umbo la pua. Kama una ndevu, zinyoe, la sivyo barakoa hiyo haitakusaidia sana. Vaa pia miwani iliyozibwa pembeni, pamoja na viziba masikio, kwa sababu mlio wa mashine hizi ukiuvumilia kutwa nzima unaharibu usikivu. Kisumu upepo wa ziwani huvuma mchana, kwa hiyo iweke meza mahali ambapo upepo utalipeleka vumbi mbali na milango, madirisha na nguo za jirani zilizoanikwa.

Kazi yenyewe haihitaji nguvu. Anza na msasa namba 80 kwa vanishi, uendelee na 120, umalizie na 180, na kila unapobadilisha karatasi uchomoe plagi kwanza. Hakikisha matundu ya karatasi yamekaa sawasawa juu ya matundu ya kitako, kwa kuwa hapo ndipo vumbi hufyonzwa kuelekea kwenye mfuko wa mashine. Matundu yakipishana, vumbi lote litaishia usoni pako. Ikalishe mashine kwenye mbao kabla ya kuiwasha, uache uzito wake ufanye kazi, uipitishe polepole bila kusimama mahali pamoja. Wengi huikandamiza wakidhani itakwenda kasi, kumbe kitako kinaacha kuzunguka, mota inapata joto, na mbao inabaki na alama za mviringo ambazo huzioni mpaka umeshapaka vanishi mpya. Ukimaliza, zima na usubiri kitako kisimame kabisa kabla ya kuiweka chini.

Fundi wa Stima, Nakuru:
Nakubaliana na Seremala, ila hakugusia stima kupotea, na hapa kwetu hilo si jambo la kubahatisha. Mashine nyingi zina swichi inayobaki imewashwa hata ukiiachilia. Stima ikipotea, watu huiweka mashine mezani na kwenda kunywa chai. Ikirudi, mashine inaanza yenyewe, inatembea juu ya meza huku ikiburuta waya, mpaka inaanguka. Fikiria mtoto akiwa amekaa chini ya meza hiyo. Taa zikizimika, zima swichi, uchomoe plagi, ndipo uulize majirani kama na kwao imepotea. Vilevile, usichomeke plagi kamwe kabla ya kuikagua swichi.

Waya wa ekstensheni uukunjue wote, kwa sababu ukibaki umeviringwa hujikusanyia joto. Mashine ya wati 300 kwenye umeme wetu wa volti 240 huvuta ampia moja na ushei, kwa hiyo fyuzi ya ampia 3 kwenye plagi inatosha. Ile ya 13 ambayo wauzaji hutia kila mahali inaweza kuuacha waya mwembamba uungue kabla yenyewe haijakatika. Ukikuta waya umeungwa kwa selotepu, mrudishie shemeji yako. Na kwa kuwa utakuwa nje, ni vyema soketi hiyo iwe inalindwa na kifaa cha miliampia 30 kinachokata stima papo hapo inapovuja.

Jua Kali wa Kondele:
Kwa heshima, mnamtisha mwenzetu bure. Funga diski ya msasa kwenye grainda, kazi itaisha kabla ya chakula cha mchana.

Seremala wa Kibuye:
Itaisha pamoja na meza. Grainda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na ikiinamia mbao kidogo tu inachimba shimo ambalo hakuna msasa utakaolisawazisha. Kwa geti la chuma sina ubishi nawe.

Mama wa Lurambi:
Kaka, mimi wasiwasi wangu uko kwenye ule mlango. Rangi za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, na kikomo cha sehemu 90 kwa milioni kilichowekwa Kenya kinahusu rangi mpya, hakiondoi iliyokwisha kupakwa. Ukipitisha mashine juu ya rangi hiyo ikiwa kavu, risasi inageuka vumbi, inatua kwenye udongo wa uani, mtoto anauchezea na kutia vidole mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na ubongo wa mtoto mdogo ndio unaoumia zaidi. Mkifuga kuku, nao hudonoa maganda hayo, na risasi huingia kwenye mayai.

Kwa hiyo mlango usiuguse kwa mashine. Kama rangi haijabanduka, ioshe na upake nyingine juu yake. Kama imebanduka, tandaza plastiki chini, uiloweshe rangi hiyo, utumie msasa wa maji kwa mkono, kisha ufute kila kitu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Yule mwenye pumu ashinde kwa shangazi yake siku hiyo, hata kwa kazi ya meza.

Mkazi wa Milimani, Kisumu:
Asanteni sana. Mlango nitauosha na kuupaka tu, meza nitaishughulikia Jumamosi watoto wakiwa kwa dada yangu. Swali la mwisho: vumbi la vanishi linalobaki kwenye mfuko wa mashine nilitupe wapi?

Seremala wa Kibuye:
Usiliache mfukoni usiku kucha, kwa sababu vumbi lenye vanishi likirundikana linaweza kupata joto lenyewe na kuwaka. Limwage kwenye mkebe wa chuma, utie maji, uweke nje mbali na ukuta. Ukipaka mafuta ya linsidi baadaye, vitambaa vyake vivyo hivyo: vianike vikiwa vimetandazwa, usivifumbate pamoja na kuvitupa kwenye pipa.