Nataka kununua hisa kabla daftari halijafungwa, nichukue gawio kisha niuze. Nishaurini

Kijana wa Wete: Assalam alaykum. Kuna kampuni iko Soko la Hisa la Dar es Salaam imetangaza kugawa faida yake, gawio la sh 60 kwa hisa, na hisa inauzwa sh 1,000. Wiki ijayo wanafunga daftari la wanahisa watakaolipwa. Nikinunua sasa jina langu likaingia, kisha nikauza, si nishapata 60 yangu kwa kila hisa? Nina milioni nane. Roho haitulii, nijibuni kabla ya Jumatatu.

Bint Chwaka: Waalaykum salaam. Kaka, hiyo 60 inatoka kwenye mfuko wa kampuni yenyewe. Atakayenunua gawio likishapita hatalipa 1,000, atataka karibu na 940. Wewe unakatwa kodi ya zuio 5%, unabaki na 57. Dalali naye anachukua chake ukinunua na ukiuza. Na soko letu wanunuzi wachache, unaweza kukaa na hisa zako usimpate mtu. Fedha ni zako?

Shehe Micheweni: Kwanza, kampuni inafanya biashara gani? Kama ni benki ya riba, bora ukanunue karafuu.

Babu wa Maskati: Mwanangu huku ana hisa za Apple. Wale tangu 2013 wananunua hisa zao wenyewe kwa mabilioni ya dola. Faida ya 1,000 kwa hisa 100 ni 10 kila moja. Kampuni ikinunua 20 ikazifuta, zikabaki hisa 80, ni 12.50. Anapenda hivyo kuliko gawio.

Bint Chwaka: Sawa babu, lakini fedha za kununulia hisa hizo nazo zimetoka kwenye kampuni. Wakinunua ghali, wanaoumia ni waliobaki. Kijana, hujanijibu.

Kijana wa Wete: Za kikoba. Mie ndiye mweka hazina. Mgao ni kabla ya Ramadhani, nitakuwa nishazirudisha. Dalali nishampelekea nusu. Sijaiba, faida nitawagaia wote.

Macho Mawili: Uongo huu. Sanduku la kikoba lina makufuli matatu, funguo kwa watu watatu. Umelifunguaje? Umetunga kisa ufanyiwe hesabu bure.

Kijana wa Wete: Ufunguo wa pili anao mke wangu, wa tatu dada yake. Wanajua nimezipeleka benki.

Shehe Micheweni: Inna lillahi. Amana hiyo!

Macho Mawili: Kama ni kweli, basi sikiliza. Kikoba chetu Mkoani kilivunjika hivihivi. Mama alikuwa akiwekea mabati. Mpaka leo jikoni kwake kumeezekwa makuti, na aliyezichukua anapita mlangoni anasalimia.

Bint Chwaka: Hiyo nusu, dalali ashanunua?

Kijana wa Wete: Bado. Lakini leo bei imepanda, 1,020.

Bint Chwaka: Imepanda kwa sababu mko wengi mnaoiwania hiyo 60. Mpigie sasa hivi aizuie oda, fedha zirudi kikobani. Mkitaka hisa, lipelekeni kikaoni waamue wenyewe.