Tupeane uzoefu: lugha ilipokufanya mwenyeji, na ilipokufanya mgeni

Ndugu wanajamvi, baba yangu ni Mnyakyusa na mama ni Msukuma, na kwa kuwa hakuna aliyeijua lugha ya mwenzake, nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili tangu siku ya kwanza. Tanzania, nchi yenye lugha zaidi ya 100, ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi mwaka 1967, mwaka uleule lilipoundwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), ndoa kama hiyo ilipata pa kusimama, na sisi watoto hatukuwahi kuulizwa shuleni ni wa kabila gani. Naishukuru nchi yangu kwa hilo. Lakini babu alipofariki, nilikaa msibani Tukuyu nikitafsiriwa maneno ya wazee kuhusu ukoo wangu mwenyewe, na shangazi akanitambulisha kwa upendo kabisa kuwa “mgeni wetu”. Neno hilo linaniuma hadi leo. Naomba nanyi mtueleze yaliyowapata.

Mchangiaji wa kwanza:
Mimi ni Mkenya. Shuleni kwetu aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivishwa kibao shingoni, akakivaa hadi amnase mwenzake amkabidhi. Nilizoea kuwasikiliza marafiki zangu kwa nia ya kuwanasa. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka serikali iendeleze lugha za asili. Nilikisoma nikiwa mtu mzima, na mkono ukanienda shingoni.

Mchangiaji wa pili:
Pole, ndugu yangu. Mimi nimezaliwa Mombasa, na Kiswahili ndicho lugha niliyonyonya kwa mama, kwa hiyo sikutarajia kwamba nacho kingenifanya mgeni. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita chetu, chenye tungo za mshairi Muyaka bin Haji za karne ya 19, kikabaki lahaja. Sipingi usanifu, maana bila huo tusingeelewana hapa. Ila katika insha yangu ya kwanza niliandika “mtele”, kama tusemavyo nyumbani, nao ukapigiwa mstari mwekundu ukasahihishwa kuwa “mchele”, nami nikadhani mama ndiye asiyejua Kiswahili. Nilimsahihisha jioni ile mbele ya wageni. Alinyamaza. Sasa nikimwandikia ujumbe, naandika “mtele”.