Tumehamia nyumba yenye mita yake, bili ya maji inatulemea. Naomba ushauri (Nakuru)

MamaWatatu_Nakuru

Hamjambo wenzangu. Tulikuwa tunaishi ploti kule Kaptembwo, maji yamo ndani ya kodi, bomba moja uani na choo cha nje. Sasa tumehamia upande wa Section 58, nyumba ina choo cha ndani, shawa, sinki na tangi juu ya paa. Mita ni yetu peke yetu. Tuko sita: mimi, mzee wangu, watoto watatu na mama mkwe ambaye miguu inamsumbua. Kusema kweli, yeye ndiye sababu ya kuhama.

Bili ya mwezi uliopita imekuja uniti 24, na pamoja na majitaka ni zaidi ya shilingi 3,500. Hatuna bustani wala gari, na nguo nafua kwa mkono. Mzee ameanza kufunga koki kuu akienda kazini. Kinachoniuma zaidi ni mama mkwe. Amesikia tukizungumza habari ya bili, na sasa anaoga kwa kopo moja na hataki kuvuta maji chooni mpaka aulize. Sitaki aishi hivyo kwa mwanawe. Naomba mnisaidie kujua maji yanaenda wapi kabla hatujaanza kunyimana.

FundiBomba

Dada, pole. Kwanza mwambie mama aoge. Mtu mzima anayeoga kwa beseni hawezi kukuletea uniti 24.

Hebu tuhesabu kwa mitungi, maana ndiyo hesabu tuliyokua nayo. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Uniti 24 ni mitungi 1,200 kwa mwezi, au 40 kwa siku. Jiulize kama ungekuwa unabeba mwenyewe kutoka bombani, ungebeba mitungi 40 kila siku? Kule ploti ulikuwa unatumia mingapi?

MamaWatatu_Nakuru

Haikuzidi 12, na hiyo ni siku ya kufua.

FundiBomba

Sawa. Mitungi 12 ni lita 240. Ongeza choo cha ndani. Matangi ya zamani ya choo hutoa lita 9 au zaidi kila mkivuta. Watu sita, kila mmoja mara tano kwa siku, hiyo ni lita 270. Ndiyo maana anayetoka kwenye choo cha shimo hushtuka: choo peke yake kinakunywa kuliko nyumba nzima ilivyokuwa ikitumia zamani. Lakini bado tumefika lita 510 tu, na wewe unatozwa 800. Hata tukiitolea shawa sehemu yake, kuna maji hapo yanayopotea bila mtu kuyagusa.

Fanya hivi leo usiku. Subiri tangi la paani lijae kabisa, maana likiwa bado linajaa mita itazunguka tu na utadhani ni uvujaji. Watu wakishalala, chukua tochi ukaisome mita. Tarakimu nyeusi ni uniti, zile nyekundu ni sehemu za uniti. Katikati kuna kigurudumu kidogo, kingine kina umbo la nyota, kingine pembetatu. Hicho huzunguka hata maji yakipita kidogo sana. Andika namba zote, nyekundu pia. Asubuhi kabla mtu hajafungua bomba, soma tena. Usipime usiku wa mgao, mita itasimama na utajipa moyo bure.

Halafu vyoo. Weka rangi ya chakula ndani ya tangi la choo, au kahawa nyeusi kama huna rangi, na mtu asivute kwa nusu saa. Ukikuta rangi imeshuka kwenye bakuli, mpira wa kuzibia chini umekwisha. Maji yanatiririka nyuma kimyakimya, huyasikii wala huyaoni. Nimeitwa nyumba nyingi ambazo wenyewe wameapa hakuna kinachovuja, na mara nyingi ni hapo.

NyarKisumo

Mimi niko Kisumu, nilihama kutoka Nyalenda, tulikuwa tunanunua mtungi kioski. Usione mita kama adui. Mtungi ukinunuliwa shilingi 5, uniti moja inakutoka shilingi 250, na kwa mkokoteni siku za ukame mtungi unaweza kufika 20, hiyo ni 1,000 kwa uniti. Maji ya bomba ndani ya nyumba ni nafuu kuliko hayo. Shida ni kwamba mtungi unauona ukiisha, bomba hulioni.

Kwa hiyo nilirudisha mtungi ndani ya nyumba. Vyombo tunaoshea kwenye karai mbili badala ya bomba lililo wazi. Maji ya kusuuza nguo mara ya mwisho hayamwagwi, yanaingia ndoo ya chooni na ya kupigia deki. Ukifua nguo za watu sita hiyo ndoo haikauki. Watoto wamezoea, na hakuna aliyenyimwa kuoga.

Mwalimu_Bahati

Mama, kabla ya kubana matumizi, soma hiyo karatasi ya bili vizuri. Watu huangalia jumla peke yake.

Tazama masomo mawili ya mita, la awali na la sasa. Nenda kwenye mita ulinganishe. Msomaji akikuta geti limefungwa au mbwa yuko nje, huenda kampuni ikakadiria, na makadirio yanaweza kukaa juu ya matumizi yako miezi kadhaa. Kama namba ya bili imepita iliyo kwenye mita, piga picha ya mita na upeleke malalamiko kwa maandishi, ubaki na nakala yenye mhuri.

Tazama pia deni la nyuma. Akaunti nyingi ziko kwa jina la mwenye nyumba, na mpangaji aliyeondoka anaweza kukuachia mzigo wake. Siku mliyokabidhiwa funguo mita ilisoma ngapi? Kama iliandikwa kwenye mkataba, hiyo ndiyo kinga yako.

Halafu majitaka. Ada hiyo hukokotolewa kutokana na maji uliyotumia. Yakivuja unalipa mara mbili, maji yenyewe na majitaka ambayo hukuyatoa. Na kama nyumba haijaunganishwa na bomba la majitaka bali ina shimo lake, uliza kwa nini unatozwa.

Jambo la mwisho ni bei. Kampuni za maji haziamui bei peke yao. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016 ni WASREB, bodi ya taifa inayosimamia huduma za maji, inayoidhinisha, na bei ya nyumbani hupanda kwa ngazi: uniti za kwanza ni nafuu, ukivuka unaingia ngazi ghali. Kwa hiyo ukipunguza uniti 6 unapunguza zile za juu, zilizo ghali kabisa. Na usiogope kudai: Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Anza ofisi ya kampuni, wasipokujibu ndipo uende kwa WASREB.

Kijana_Shabab

Mimi naona mnajisumbua. Tafuteni mtu mwenye kisima cha kuchimba karibu awauzie kwa tangi, muachane na mita. Huku kwetu wengi wanafanya hivyo.

Muuguzi_Lanet

Ndugu yangu, kwa kufulia, kupigia deki na chooni, sawa. Kwa kunywa na kupikia, tafadhali sana, hapana, mpaka maji hayo yapimwe. Ardhi yetu ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na visima vingi vya Nakuru vinazidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mama ana watoto watatu. Meno ya kudumu yanajengeka ndani ya fizi kabla hayajachomoza, na floraidi ikizidi miaka hiyo yanatoka na madoa ya kahawia yasiyosafishika kwa mswaki. Ikizidi sana kwa miaka mingi inashika hata mifupa.

Kuchemsha hakusaidii. Maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki, inazidi kukolea. Inahitaji kichungi maalumu, kama vile vya makaa ya mifupa ambavyo vimetumika sana hapa kwetu. Nimewaona watoto wanaoziba mdomo wakicheka. Usiokoe mia chache kwa njia hiyo.

Kijana_Shabab

Asante dada, nimekusikia. Nilikuwa nazungumzia ya kufulia zaidi.

Omwana_Kakamega

Hakuna aliyetaja mvua? Huku Kakamega mvua haituachi, lakini hata Nakuru mna masika ya Machi hadi Mei na mvua nzuri ya Agosti. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 50 za mraba, mvua ya milimita 20 ikinyesha, ni lita 1,000. Toa inayomwagika, ubaki na kama 800, mitungi 40. Hiyo ni siku yako nzima ya sasa, dada, kwa mvua moja.

Si lazima ununue tangi kubwa. Anza na pipa moja chini ya mfereji wa paa, ufunike kwa wavu mbu wasizaliane. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Na kwa alivyosema Muuguzi, maji ya mvua hayana floraidi ya ardhini. Yachemshe, unywe.

MamaWatatu_Nakuru

Jamani, nimerudi na majibu. Nilisoma mita usiku tangi likiwa limejaa, nikasoma asubuhi kabla ya chai. Kwa saa nane, watu wote wamelala, zimepita lita 80. Kahawa ikashuka chooni, tena choo cha karibu na chumba cha mama mkwe, kile ambacho amekuwa akiogopa kukivuta.

Masomo ya bili yanalingana na mita, na deni la nyuma hakuna. Kwa mkataba mita iliandikwa, namshukuru mzee kwa hilo.

FundiBomba

Lita 80 kwa saa nane ni 240 kwa siku, uniti 7 na kidogo kwa mwezi. Hizo ndizo zile zako zilizokosa mwenyewe.

Mpira wa kuzibia ni kitu cha bei ndogo, duka lolote la vifaa vya ujenzi wanao. Funga koki ndogo iliyo pembeni ya choo, vuta maji yaishe, toa ule wa zamani uende nao dukani ulinganishe. Ukiwa hapo angalia floti, lile boya linalofunga maji tangi likijaa: maji yakae chini kidogo ya mdomo wa bomba la kumwagia, yakifika juu yanamwagika ndani siku nzima. Rudia kipimo cha usiku baada ya kutengeneza. Kama mita bado inatembea, panda uangalie floti ya tangi la paani na uone kama bomba lake la kumwagia lina unyevu. Kama ni kavu, funga valvu ya kuingilia tangi. Mita ikiendelea kuzunguka hapo, bomba la ardhini kati ya mita na tangi limepasuka, hiyo ni kazi ya fundi.

Kupunguza lita za choo, jaza chupa ya lita moja mchanga na maji, uifunge, uisimamishe ndani ya tangi mbali na floti. Msitumie tofali, linamomonyoka na punje zake ndizo zinazokula mpira. Kwa mivuto 30 kwa siku umeokoa karibu uniti moja kwa mwezi.

Na mwambie mzee aache kufunga koki kuu kila siku. Tangi la paani linaendelea kulisha choo kinachovuja, akifungua jioni linajaa upya na mita inahesabu yale yale.

MamaWatatu_Nakuru

Nani anapaswa kulipa, mimi au mwenye nyumba? Mkataba hausemi kitu.

Mwalimu_Bahati

Ulichokuta kimeharibika siku unaingia ni cha mwenye nyumba. Mtumie ujumbe wa maandishi leo, na picha ya kahawa bakulini na namba za mita za usiku na asubuhi. Ila usimsubiri. Mpira ni wa bei ndogo na kila siku ya kungoja unalipia lita 240. Nunua, tunza risiti, muombe akukate kwenye kodi. Kampuni nayo uiandikie kwamba uvujaji umepatikana na umetengenezwa, uombe waitazame upya bili hiyo. Wakikataa, omba ulipe kwa awamu, ili msikatiwe na kutozwa ada ya kurudishiwa.

NyarKisumo

Na mama mkwe mwambie mwenyewe, dada, au mzee amwambie. Asisikie kwa watoto. Mwambieni kwamba si yeye, ni kifaa chooni.

MamaWatatu_Nakuru

Mzee amemwambia jana jioni, tukiwa wote mezani. Ameuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akataka apashiwe maji ya kuoga, ndoo nzima. Mpira nimeununua, fundi wa mtaani anakuja Jumamosi. Nikishapima tena usiku nitawaambia mita imesemaje.