Tupeane uzoefu: mmeachana, nani analipa dada wa kumlea mtoto?

Habari zenu wapendwa. Niko Nkuhungu hapa Dodoma, mtoto ana miaka mitatu, baba yake tumeachana ila hatugombani. Ishu ni kwamba kwake kuhudumia ni nguo za sikukuu, hospitali mtoto akiumwa na ada akianza shule. Mi natoka asubuhi narudi jua limezama, mtoto yuko na dada, dada anakula analala anaumwa na mshahara wake nalipa, hiyo yote anasema ni mambo ya nyumbani kwangu. Jamani dada yule yupo kwa ajili ya mtoto, ningekuwa peke yangu ningepiga kufuli mlango nikaenda kazini. Nyie mlikubalianaje? Wababa pia njooni.

Mama K, Ipagala
Pole mdogo wangu. Sisi tulienda kwa afisa ustawi wa jamii, wala sio kushtakiana, tulishindwa tu kuongea wawili. Akatuambia tuandike kila kinachomhusu mtoto kuanzia uji wa lishe, sabuni, mpaka dada. Baba alipofika kwenye dada akagoma, afisa akamuuliza mama akiwa kazini wewe ukiwa kazini mtoto anabaki na nani? Tukagawana nusu kwa nusu, tukasaini. Akichelewesha namtumia picha ya ile karatasi, sina maneno mengine.

Baba wa Nzuguni
Mimi nilikuja huku ofisi zilipohamia Dodoma, mtoto akabaki Dar na mama yake. Nilikuwa natuma hela ya jumla na kila mwezi ni lawama, yeye anaona ndogo mi naona imeliwa. Sasa hivi dei kea namlipa mwenye kituo mwenyewe, risiti inakuja kwenye simu, mama anabeba chakula na mavazi, na tangu hapo tunaongea vizuri kabisa. Afu wababa wenzangu mkituma hela tumeni na ya kutolea, sio mwenzio anaanza kukatwa kabla mtoto hajala.

Mgogo wa Mpunguzi
Nyie mnaongelea mwisho wa mwezi, huku baba watoto analima zabibu, yeye ana msimu tu. Bahati zabibu zinavunwa mara mbili kwa mwaka, wazee wa pande zote walikaa wakasema akiuza anatoa hela ya miezi ya mbele pamoja na gunia la uwele, asisubiri kuombwa. Watoto wanashinda kwa bibi yao, mama yangu. Hapo ndo palikuwa na kazi maana kila mtu anajua bibi ni bure! Bibi ameacha shamba lake kukimbizana na watoto, naye ale nini? Nilisimamia hapo mpaka bibi akawekewa fungu lake, sukari, mafuta na hela ya mboga.

Dada wa Makole
Mleta mada, hiyo ahadi ya ada iangalie vizuri. Shule za serikali hazina ada tangu 2016, sasa mtoto akienda huko yeye atakuwa analipa nini? Hii miaka ya kabla ya shule ndo gharama ya kulea ilipo. Mkishindwana kabisa kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na kama mzazi ana watoto wengine wa kulisha. Kwahiyo na wewe kipato chako kitaulizwa, jiandae.

Mleta mada
Asanteni sana, hasa hilo la ada sikuliwaza kabisa. Jumamosi anakuja kumchukua mtoto, nitampa achague, mshahara wa dada au chakula cha wote wawili. Dada Mama K, ustawi mlilipia chochote?

Mama K, Ipagala
Hatukulipa kitu. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na namba ya simu ya baba inayopatikana, watampigia wenyewe.