Mrejesho: ile Marlin 336 ya mzee jirani

Wakuu, nimerudi. Niliuliza umri na bei ya Marlin 336, bunduki ya wenzo (unaupiga chini na juu kupakia risasi) inayotumia risasi za .30-30, anayouza mzee jirani yangu huku Texas. Mlisema kweli: namba ya bunduki iliyochongwa kiwandani inaanza na 26, ukiitoa kwenye 100 unabaki na 74, basi ni ya 1974. Alama ya JM, yaani John Marlin mwanzilishi wa kiwanda, ipo mtutuni; mzee alidhani ni herufi za mwenyewe wa kwanza! Kasheshe ilikuja tulipojaza risasi bandia. Ya nne ikakwama. Kumbe wenzo umekila kile chuma kinachopandisha risasi, kikawa na kishimo, basi risasi inayofuata inachomoka kabla ya zamu yake. Kutoka dola 650 tukashuka hadi 500. Nimeichukua, iko kwa fundi.